Nukta za Mama

Ofisini walimwita Bi Mistari, kwa sababu hata akizungumza kwenye simu mkono wake wa kulia ulikuwa ukichora. Alichora mezani kwa kidole, pajani, kwenye mvuke wa kioo cha dirisha: njia, makutano, njia nyingine inayoondoka bila kuaga. Ramani ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu ujana.

Siku hizi hakuchora sana. Alifundisha. Kampuni yao ilikuwa na programu ya akili bandia, na kwake ilikuwa kama mwanafunzi mwenye macho makali ambaye hajawahi kutoka nje. Iliuona mji kutoka juu, paa baada ya paa, isijue chini ya paa kunapikwa nini. Kazi ya Bi Mistari ilikuwa kuielekeza: huu ni ukuta, hiki ni kivuli cha ukuta, hapa watu hupita.

Lililomchukua muda zaidi lilikuwa somo la nukta. Simu ya mtu anayetembea huacha nukta kila baada ya hatua chache, lakini simu haijui kutulia. Umekaa kitini, yenyewe inasema uko kwa jirani, mara uko juu ya bati, mara umerudi. Ukiziunganisha nukta hizo, unapata mlevi akitoka kilabuni. Basi waliifundisha programu kuzikusanya nukta zilizotawanyika na kuzivuta hadi barabara iliyo karibu, na njia ya mtu ikatoka imenyooka, safi, mstari wa buluu juu ya barabara.

"Umeitia adabu hadi imepitiliza," alisema mhandisi wa meza ya pili, ambaye wote walimwita Kiberiti kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyowaka upesi. "Ukienda msalani itasema umekwenda mjini kwa barabara kuu."

"Bora barabara kuu kuliko ulivyo wewe, huonekani hata ukisimama."

Wakati mwingine, jua la alasiri likilala juu ya kibodi, Bi Mistari aliacha kazi na kuutazama tu mji kwenye skrini. Funga kichochoro kimoja mtaa wa chini, foleni inazaliwa mtaa wa juu. Hamisha kituo cha basi, muuza magazeti anahama, na mzee aliyezoea kusoma kichwa cha habari bure anabaki hajui dunia imeamkaje. Hakuna aliyeupanga mji uwe hivyo, na hakuna anayeujua wote. Programu nayo ilikuwa vivyo hivyo. Ukiuliza kwa nini imeamua fulani alipita hapa na si pale, hata walioiunda hujikuna kidevu. Alipenda kuwaza kwamba mji na programu vilikuwa ndoto mbili, kila moja ikijaribu kuiota nyingine.

Nyumbani aliishi na mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani, na vidole vyake bado vilijua kila kitu. Kichwa ndicho kilichoanza kufumuka, uzi mmoja mmoja. Kila alasiri alitoka kutembea, na hakuna aliyeweza kumzuia. Bi Mistari akaiweka ile programu kwenye simu ya Mama, na Mama mwenyewe akaishonea simu kifuko cha kuning'iniza shingoni, chenye kifungo. Tangu hapo, binti alikaa ofisini akiutazama mstari wa buluu ukitembea barabarani, taratibu, na moyo wake ukatembea nao.

Dada yake mkubwa hakuamini mistari. Aliishi ghorofa ya nne, upande wa pili wa mji, kwenye mlango wenye kufuli mbili.

"Akipotea mara moja tu, nakuja kumchukua," alisema. "Na usinifiche, mdogo wangu. Nakujua."

"Dada, kule kwako Mama atafungiwa."

"Atakuwa salama."

Mama aliposikia alisema kule juu hata hewa haina harufu, mtu atajuaje yuko wapi.

Ikawa alasiri moja mstari wa buluu ukasimama mbele ya benki, kwenye barabara kuu, na haukuondoka. Bi Mistari alingoja. Alipiga simu, haikupokelewa. Akatoka ofisini hata mkoba hakuchukua. Mbele ya benki palikuwa na magari, watu, mbwa aliyelala kivulini, Mama hakuwepo. Kwenye simu yake, Mama alikuwa amesimama palepale alipokuwa amesimama yeye. Akavuka barabara, akarudi, akavuka tena. Kisha, kama mtu anayeamka, akaelewa. Akampigia Kiberiti.

"Niondolee usafi kwenye simu ya Mama."

"Usafi gani?"

"Programu inamvuta barabarani. Nataka nukta ghafi, kabla hazijanyooshwa. Za leo na za mwezi mzima."

Kiberiti hakutania. Nukta zilipofika zilikuwa zimetapakaa kama mchele uliomwagika, na hakuna hata moja iliyokuwa barabarani. Zilikuwa nyuma ya benki, kwenye maegesho makubwa ya duka la vigae. Alizitazama za jana, za juzi, za wiki iliyopita. Zote zilikwenda upande uleule. Palipokuwa na ukuta zilizunguka, kisha zikarudi kwenye mwelekeo wake, kama maji yanayokumbuka mfereji.

Alikimbia. Maegesho yalikuwa meupe kwa jua. Katikati yake, Mama alikuwa amesimama kiubavu, mgongo umeegemea hewa, kifurushi cha nguo kifuani, akimpisha mtu aliyekuwa akisukuma toroli la vigae. Mtu yule naye alijibana, akapita kwa heshima.

"Huja kila siku," mlinzi wa maegesho alimwambia Bi Mistari. "Ananipisha, nami nampisha. Mwanzoni nilidhani ananicheka."

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nasubiri mpite. Hujui njia hii ni nyembamba?" Mama alimtazama juu hadi chini. "Na wewe, kazi yako ramani, halafu unafika umelowa jasho namna hiyo."

Ndipo kichochoro cha zamani kikamrudia Bi Mistari akilini. Kabla ya duka la vigae, kabla ya maegesho, hapa palikuwa na nyumba zilizobanana, na kati yake njia ya mtu mmoja. Mama alipita na nguo za wateja, na watoto wawili nyuma, kila mmoja ameshika pindo la gauni. Wakikutana na mtu, wote watatu waligeuka ubavu, wakavuta matumbo ndani, ukuta ukawapoza migongo.

Jioni ile alimpigia dada yake.

"Leo Mama sikumwona kwa muda."

"Muda gani?"

"Muda wa kuvuka barabara mara tatu na kulia mara moja." Kisha akamsimulia habari za nukta zisizonyooshwa.

Kesho yake dada alikuja na begi tupu la nguo. Hakugomba; alikuwa amelala vibaya. Mama alikuwa tayari mlangoni, kifuko shingoni, kifurushi mkononi.

"Kwanza tufikishe nguo," alisema Mama. "Mteja anasubiri."

"Mpe tu hiyo alasiri, dada," Bi Mistari aliomba. "Halafu utaamua."

Wakaenda watatu, Mama mbele. Waliipita benki, wakauzunguka ukuta, wakaingia kwenye uwanja ule mweupe. Mama hakusita hata hatua moja. Bi Mistari alimwona dada yake akitazama vigae, magari, mlinzi, uso umekunjwa. Kisha mlinzi akaja kutoka upande wa pili, akajibana. Mama akageuka ubavu. Na dada, begi mkononi, bila kuambiwa na mtu, akageuka ubavu pia, akavuta tumbo ndani.

Alikaa hivyo hata mlinzi alipokwisha kupita.

"Ukuta wa hapa ulikuwa wa baridi," alisema polepole.

"Twendeni," alisema Mama. "Mnaziba njia."

Dada akaliweka begi begani. Mkono wake mwingine ulishika pindo la gauni la Mama, kidogo tu, kwa vidole viwili.

"Hizo nukta," alimwambia mdogo wake bila kugeuka, "zile zisizonyooshwa. Ziweke na kwenye simu yangu."