Mama Mkwe na Mashine ya Watu Wanne

Mama mkwe wangu alikuja kukaa kwetu Nachingwea akiwa na mkono wa kulia ndani ya hogo, ile plasta ngumu ya hospitali. Aliteleza kisimani kwao Kiegei, akaangukia kiganja, mfupa ukavunjika. Hogo lilipofunguliwa, daktari wa hospitali ya misheni alimwambia aufanyishe mkono kazi nyepesi kila siku, la sivyo vidole vingekakamaa. Akapewa mpira laini wa kuminya. Aliuminya kidogo, akauweka dirishani.

"Mpira ni wa watoto," aliniambia. "Nipe mahindi nipukuchue."

Mahindi yalimshinda. Vidole vilivimba, naye akawa anashinda barazani, mkono mapajani. Alikuwa mwanamke aliyelima tangu usichana wake, na kukaa bure kulimuumiza kuliko ule mfupa. Sikujua nimfanyie nini.

Siku moja nilikuwa napeleka pasi mbovu kwa fundi wa redio karibu na stendi, nikamwomba anisindikize ili tu atoke nyumbani. Ndani ya kibanda cha yule fundi kulikuwa na gemu la zamani alilolinunua Dar es Salaam, kwenye ukumbi wa michezo uliokuwa ukifungwa. Lilikuja juu ya lori, limefunikwa turubai, na alihangaika nalo masika yote mpaka likawaka. Lilikuwa kabati la mbao, pana kama kabati la vyombo, limebeba TV ya chogo, zile nene za zamani. Chini ya kioo kulikuwa na vishikio vinne vyenye vichwa vya mviringo: chekundu, cha buluu, cha njano na cha kijani. Watu wanne waliweza kucheza pamoja, bega kwa bega, kila mmoja na askari wake kiooni mwenye rangi yake, wote ndani ya mapango yale yale wakipigana na mazimwi. Nguvu za askari zilipungua zenyewe kadiri muda ulivyokwenda. Chakula kilipoonekana njiani, aliyekifikia kwanza ndiye aliyekula.

Fundi aliona tunavyolikodolea macho, akafungua mlango wa nyuma. Ndani kulikuwa na bodi pana iliyojaa vidude vyeusi vyenye miguu mingi, na mafungu ya nyaya yaliyofungwa nadhifu.

"Kila mchezaji ana nyaya zake," alisema, akizifuata kwa bisibisi. "Hakuna anayemsubiri mwenzake. Waliotengeneza hii walikaa wakafikiri." Kisha akamgeukia mama. "Jaribu, bibi. Kishikio chenyewe chepesi."

Mama alishika cha kijani. Nilisimama pembeni yake na chekundu. Askari wake aligonga ukuta, akagonga tena, na mama akakunja uso kwa maumivu, lakini hakuachia. Tulipotoka nje alikuwa akikunja na kukunjua vidole mwenyewe, bila kuambiwa.

Kesho yake aliniuliza kama hakuna kitu kingine nyumbani kilichoharibika.

Tukawa tunakwenda kila jioni. Kiswahili cha mama ni cha kujifunzia sokoni, na akichoka hurudi kwenye Kimwera, lugha nisiyoijua. Tangu niolewe tulikuwa tunaheshimiana zaidi ya kuzungumza. Pale kwenye mashine tulizungumza. "Nifungulie mlango." "Mama, rudi, wako nyuma yako." Siku moja dereva wa lori aliyekuwa akicheza nasi alikimbilia chakula wakati askari wangu alikuwa hoi.

"Baba," mama alimwambia, "hujaona mwenzio anakufa?"

"Samahani, bibi. Mazoea."

"Si mazoea mazuri."

Kuanzia hapo yule dereva alikuwa akiuliza kwanza nani ana njaa.

Halafu jioni moja picha ikajikunja ikawa mstari mmoja, na huo mstari nao ukazimika. Fundi alipima, akatikisa kichwa. Kioo kilikuwa kimekufa, na vioo vya namna hiyo havitengenezwi tena. Mama alifikiri kidogo, akasema mdogo wake wa Mandawa, kule Ruangwa, ana TV ya chogo ambayo haijawashwa tangu anunue TV bapa.

Tulimfuata. Mdogo mtu aliipangusa vumbi kwa kanga ya mkewe.

"Dada, unaitakia nini?"

"Dawa ya mkono," mama alijibu, naye hakuuliza zaidi.

Fundi alikitoa kioo cha TV hiyo, akakihamishia kwenye kabati kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai. Picha ya kwanza ilikuja imelala upande. Alizungusha kitu huku na huku, ikasimama wima, na nyekundu ikawa imeiva kuliko ya zamani. Mama alimpa fundi mkono, wa kulia, akamshika kwa nguvu mpaka fundi akacheka.

Mama alirudi Kiegei mwisho wa kipupwe, ukungu wa asubuhi ulipoanza kupungua. Msimu wa korosho nilikwenda kumsaidia. Nilimkuta ameshamaliza safu nzima ya mikorosho kabla sijafika, ameinama, mkono wa kulia ukinyonga korosho kutoka kwenye mabibo, yale matunda yake, moja baada ya nyingine, bila kupumzika.

"Umechelewa, mwanangu," alisema. "Anzia pale."