Simu Aliyoigeuza Leonida

Leonida wa Mwamgongo si mwanamke wa kuchezewa. Pale mwaloni, ufukweni mwa ziwa, anapoanika dagaa, mchuuzi anayeleta mzaha huondoka amenywea. Lakini mwingize kwenye chumba cha daktari uone! Sauti inapungua, macho yanashuka chini, na kila anachoambiwa anaitikia ndiyo. Kwao, kumuuliza daktari mara ya pili ni kama kumwambia hakusema vizuri mara ya kwanza, na nani ana ubavu huo?

Kuitikia huko ndiko kulikomwondoa mumewe, Nikodemu. Alikwenda hospitali peke yake, akaelezwa mengi kuhusu presha yake, naye akaitikia "ego, ego" kwa Kiha chake mpaka mwisho. Alipoulizwa nyumbani daktari kasemaje, akajibu, "Kasema nitapona." Alipopata nafuu akaacha vidonge, na kumbe hicho ndicho alichokatazwa. Familia ililijua hilo msibani, kutoka kwa mgonjwa aliyekuwa naye siku ile.

Binti yao wa pekee, Honorata, hajalisahau. Ni mwalimu huko Dodoma, na sasa ana mimba, amekaribia kujifungua. Mama yake alipoota uvimbe kwenye titi na kuanza safari za boti kwenda hospitali mjini Kigoma, Honorata alimtumia simu kubwa, akamfundisha kurekodi na kutuma, akamwapisha kabisa.

"Mama, mimi siwezi kuja kukaa na wewe pale. Simu ikae badala yangu. Omba ruhusa, rekodi kila neno, unitumie kabla hujapanda boti kurudi."

Leonida aliapa, lakini kiapo kikamlemea. Majibu ya kipande cha nyama alichokatwa kwenye titi yalikuwa njiani, na mjamzito hapelekewi habari mbaya. Mtoto tumboni husikia, ndivyo alivyolelewa yeye. Afanyeje sasa? Amdanganye mwanawe kwamba hakurekodi?

Akakumbuka mwandishi wa redio aliyekuja mwaloni mwaka ule ziwa lilipofungwa samaki wazaliane. Aliyekuwa akisema alisogezewa kipaza sauti mdomoni. Mzee Dismasi alipoanza kutukana, kipaza sauti kikageuziwa mtu mwingine, na jioni redioni tusi lake hata moja halikusikika. Leonida akaelewa hivi: chombo husikia kule kinakoelekezwa. Kwamba kuna mtu aliyekaa ofisini akayakata matusi ya Dismasi, nani angemwambia?

Basi siku ya majibu alifika akiwa na mpango. Daktari Elinipa, Mpare aliyehamishiwa Kigoma mwaka jana, alimwamkia kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari. Mimi msahaulifu. Naomba nirekodi utakayosema."

"Rekodi tu, mama. Wangefanya hivyo wote ningefurahi."

Simu ikawekwa mezani, imemwelekea daktari. Wakazungumza usingizi, wakazungumza chakula. Kisha daktari akafungua faili, akasema, "Sasa, majibu yamerudi." Leonida akanyoosha mkono taratibu, akaigeuza simu ikaelekea ukutani.

"Endelea, daktari."

"Ni saratani, mama. Tumeiwahi, lakini si ya kukaa nayo. Nakupa rufaa ukafanyiwe upasuaji, na usichelewe. Ukichelewa itasambaa. Nani atakwenda na wewe? Lazima uwe na mtu."

"Sina mtu."

"Hata mtoto?"

Leonida aliiangalia simu iliyompa kisogo. "Sina mtoto, daktari," akasema, na moyo ukamwuma kuliko titi lenyewe. Kumkana mwana aliye hai, tena mwenye mimba! Lakini angemtaja, daktari angempigia papo hapo.

Daktari alipofika kwenye vidonge vya maumivu, simu ikageuzwa tena kumwelekea.

Leonida alipofika Kibirizi zinakopakia boti, akairusha ile rekodi Dodoma, akapanda na kikapu chake. Moyoni alikuwa ameshaamua. Rufaa ingengoja mjukuu azaliwe, akomae kidogo, ndipo aseme. Alijua anachocheza nacho, na aliogopa sana kufa. Ila aliogopa zaidi kumwua mtoto wa mwanawe kwa habari.

Injini ilikuwa imeshawashwa simu ilipoita.

"Mama." Honorata alikuwa akipumua kwa shida. "Mimi ni nani?"

"Mwana wanje, mwanangu, vipi tena?"

"Nijibu. Mimi ni nani?"

"Wewe Honorata."

"Honorata wa nani? Maana nimesikia daktari anakuuliza, na nimesikia ulivyomjibu."

Leonida alihisi boti nzima imemgeukia. Yote yalikuwa yameingia kwenye rekodi, saratani, rufaa na ule uongo. Machozi yakamtoka mbele za watu, naye si mtu wa kulia mbele za watu.

"Wangu," akasema. "Wewe wangu. Niliogopea mimba, mwanangu."

"Baba alituficha kwa kutojua. Wewe unatuficha kwa kujua. Shuka kwenye boti, mama."

Akashuka. Bodaboda ikamrudisha hospitali, simu ikiwa sikioni bila kukatwa, na njia nzima alisikiliza pumzi za binti yake akihofia kusikia uchungu umeanza. Daktari Elinipa alikuwa mlangoni, mkoba begani, anaondoka.

"Mama, umesahau nini?"

Safari hii Leonida hakushusha macho. Aliinyoosha simu mpaka karibu na kifua cha daktari.

"Uliniuliza kama nina mtoto," akasema. "Ninaye. Huyu hapa, anasikiliza."

Kwenye simu Honorata akaanza kusema, "Shikamoo, daktari," na kilio chake mwenyewe kikamkatiza kabla hajamaliza.