Mashavu ya Mama Neema na Vidonge vya Asili

Leo shemeji yangu amegeuka mpiga wanawake bila kunyanyua mkono.

Juzi dada, Mama Neema, alikwenda kuchomwa sindano za kujaza mashavu hapa Geita. Akaulizwa, "Mama, unatumia dawa yoyote?" Akajibu hapana.

Vidonge vya kitunguu saumu na tangawizi anavyomeza kila siku si dawa, jamani. Ni vya asili! Vitazuiaje damu kuganda?

Leo wakwe wamekuja kupanga ng'ombe wa mahari ya Neema, wakakuta mama mtu mashavu meusi kwa damu iliyovilia. Wote wakamgeukia shemeji.

"Sema ukweli," nikamnong'oneza dada.

"Nyamaza! Bora waone nimepigwa kuliko wajue nimejaza."

Shemeji akasimama. "Wazee, mashavu hayo nimeyanunua mimi. Ningeyapigaje?"

Saa hii dada anatibu weusi huo kwa chai ya tangawizi. Nani aje kumpokonya kikombe?