Kiwiko cha Shangazi na Meza ya Kwanza

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, shangazi alikuwa anakaa kwenye kiti, anaweka viganja pembeni na kujisukuma ainuke, kukijaribu kiwiko. Kiwiko cha kulia kikilia ko, ananitazama kama nimesikia. Mimi najifanya nafunga viatu.

Alikuwa ameteleza bekarini tunakofanya kazi, akajikinga kwa mkono ule. Daktari wa mifupa alimwonyesha picha: kipande kidogo kimebanduka, kama punje ya mchele.

"Kumbe ni ufa mdogo tu," shangazi akacheka.

"Usicheke, mama. Kipande hiki kinaniambia kiungo kilichomoka, kikarudi chenyewe. Kano zinazokishika zimelegea, na picha haizionyeshi hizo. Usinyanyue kitu mpaka nikupime tena."

Njiani shangazi akaniambia, "Kazini utasema ni ufa. Hayo mengine tumeyaacha huko huko."

Nilijua ni kwa ajili ya Kifaranga. Bekarini kwetu, anayekanda meza ya kwanza ndiye anayekata donge la kwanza, na sisi wengine tunalinganisha madonge yetu na lake. Shangazi aliishika meza hiyo miaka kumi na moja. Kifaranga alifundishwa na yeye mwenyewe, na hata jina hilo la utani alipewa na yeye. Sasa fundi wa tanuri amesema mkate wa Kifaranga unaumuka kushinda wa mwalimu wake. Tangu hapo shangazi hakulala vizuri.

Siku ya nne akavua kitambaa cha shingoni kilichoubeba mkono, tukaenda kazini. "Nimwachie meza nani? Yule anayekanda kama anambembeleza paka?"

Kifaranga alimkimbilia mlangoni. "Pole, mwalimu wangu. Leo nikushikie karai upande mmoja?"

"Shika la kwako. Kwani mimi nimekatwa mkono?"

Tukacheka wote. Nilikuwa meza ya pili, nikaona shangazi anakanda ndani ya karai kwa mkono wa kushoto, wa kulia unasindikiza tu.

Ukafika wakati wa kupindua karai la unga uliokandwa mezani. Mwenye meza ya kwanza hulipindua peke yake. Akalinyanyua. Kiwiko kikalia ko, mkono ukaenda upande kama mlango uliong'oka bawaba. Kifaranga akalidaka karai kwa kifua, akalipindua, na kwa kuwa tanuri lilishapata moto, akachukua bati la kukatia la shangazi, akakata donge la kwanza.

Tukaanza kulinganisha. Hata mimi. Mkono wangu ulikuwa umeshaweka donge langu karibu na la Kifaranga nilipoona shangazi ananitazama.

Alimpokonya Kifaranga lile bati, akalifuta kwenye aproni, akalitia mkobani.

"Mama, twende hospitali," fundi akamwambia.

"Kateni kwa visu vyenu," akajibu.

Akatoka kwa mlango wa nyuma wa kupitishia trei, kiwiko amekishika kama mtoto mchanga. Bekarini hajakanyaga tena.