Kigari Kinachojua Kutoka Barabarani

Kigari cha kwanza nilikichagua kwa macho, ndiyo maana kilinitia aibu. Kilikuwa cha bluu iliyoiva, kina paa la kukunja na magurudumu manne madogo yanayong'aa kama vijiko. Mke wa mzungu mmoja aliyekuwa kwenye kazi ya barabara alikuwa anafungasha kurudi kwao, na kwa vile nilikuwa nampelekea maziwa akaniambia nichague kitu cha kuniachia: kigari cha mtoto au kabati la vyombo. Mwenye akili angechukua kabati. Mimi nilikuwa na pacha wa kiume, wametoka tu kuacha ziwa, wanatembea kwa kuanguka, wazito kama magogo. Nikachukua kigari.

Siandiki jina la mtu hapa. Si kwamba nimesahau. Ninayo yote kichwani, ya watu, ya ng'ombe wetu watano, hata la dreva wa lori la maziwa na la tanboi wake. Lakini jina la baba mkwe wangu sikulitamka maisha yangu yote, ndivyo tulivyofunzwa, na nikitaja wengine nikamruka yeye nitakuwa nimembagua. Basi wote tuwaache hivyo hivyo.

Ilikuwa Uyole, miaka ya sabini, wakati reli inajengwa. Mume wangu alikuwa huko relini, nyumbani anakuja mwisho wa mwezi. Mimi ni mtu wa Iringa, nikaolewa Mbeya kwa Wanyakyusa. Kwetu mkwe tunamheshimu sana, lakini huku nilikuta heshima ina sheria zake. Mkamwana hakutani na baba mkwe njiani. Ukimwona anakuja, unatoka barabarani, unaingia kwenye majani, unachuchumaa, unajifunika kanga usoni mpaka apite. Humtazami, huongei naye. Mzee mwenyewe alikuwa mtu mwema. Akikaribia kona alikuwa anakohoa kwa nguvu ili sisi wakamwana tujue anakuja. Hakuwa anaumwa kifua hata kidogo; ile ilikuwa honi yake.

Kazi yangu ilikuwa maziwa. Nikimaliza kukamua, jua linachomoza, na lori la kukusanya maziwa linasimama njia panda kule kwenye lami, halimsubiri mtu. Kutoka kwangu mpaka pale ni mteremko mrefu wa udongo mwekundu. Kabla ya pacha nilikuwa nashuka mbio, ndoo mbili za mfuniko mikononi, nafika lori halijazima injini. Walipokuja pacha, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, ndoo moja kichwani, nikawa natembea kama bata. Wiki moja lori liliniacha mara tatu. Maziwa wakanywa ndama na majirani.

Ndiyo nikaona kigari cha bluu kimeshushwa kwa ajili yangu. Siku tatu za kwanza, kavu, nilishuka nacho kama bibi wa mkoloni. Wanawake walitoka majumbani kutazama. Siku ya nne ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikiwa katikati ya mteremko nikasikia kikohozi pale konani. Nikageuza kigari niingie majani. Vile vigurudumu vilipogusa tope la ukingoni vikasimama palepale, mimi bado nakwenda. Kigari kikapinduka. Maziwa yote chini, na mtoto mmoja akapasuka mdomo kwenye chuma.

Na mimi, jambo hili linaniuma mpaka leo, nilijifunika uso kwanza, ndipo nikaokota mtoto.

Baba mkwe alisimama ametupa mgongo. Anamsikia mjukuu wake analia na hawezi kusogea. Akaondoka haraka kurudi alikotoka. Jioni mama mkwe akaja. Hakukaa.

"Mkamwana, una mikono mingapi?"

"Miwili, mama."

"Na watoto?"

"Wawili."

"Na maziwa unayashika na nini, na meno?"

Nikainamia ndoo tupu.

"Baba yenu ameshasema. Mmoja aende kwa shangazi yao Igawa. Yule hana mtoto, na chakula kipo. Anakuja kumchukua Jumamosi ya wiki ijayo."

"Yupi, mama?"

"Huyo aliyepasuka mdomo."

Usinielewe vibaya. Mtoto akiacha ziwa kwenda kulelewa kwa shangazi ilikuwa kawaida, na wifi yangu huyo alikuwa mwanamke safi, anauza wali pale Igawa kando ya barabara kuu, mtoto angenona. Ila hawa walikuwa wanalala wameshikana masikio. Ukimtoa mmoja kitandani, mwingine anaamka. Nilijua nikimtoa nitakuwa nimewatoa wote wawili, na sababu ni kwamba mama yao alichagua kigari kwa rangi.

Kesho yake nikakikokota mpaka sokoni kwa fundi baiskeli, mzee mmoja wa asili ya pwani, kofia haitoki kichwani hata akiwa chini ya baiskeli.

"Kamwene, dada wa Iringa!" Alikuwa amejifunza salamu yetu ili kunichokoza tu.

"Kamwene, fundi. Nibadilishie magurudumu haya, uniwekee makubwa."

Akakizunguka kigari mara mbili. "Hiki kimetengenezwa kwa mtu anayetembea kwenye sementi. Wewe kwako kuna sementi?"

"Iko wapi?"

"Haya. Unatembea au unakimbia?"

"Nakimbia."

"Tope?"

"Nusu ya mwaka."

"Mteremko?"

"Wa kwenda. Wa kurudi ni mlima."

"Mzigo?"

"Watoto wawili na ndoo mbili."

"Njiani unapishana na nini?"

Nikatazama chini. "Na baba mkwe."

Akaweka spana chini. Alicheka mpaka akashika kofia isianguke. Halafu akapangusa macho, uso ukawa wa kazi. "Ungeanza na hilo, dada yangu. Wewe hutafuti kigari cha kwenda barabarani. Barabarani kila kitu kinakwenda. Wewe unatafuta kinachojua kutoka barabarani."

Maneno hayo yalinifundisha kuliko shule yote niliyosoma, na niliishia darasa la pili. Mpaka leo mtu akiniuliza anunue kitu gani namuuliza kwanza njiani anapishana na nini.

Tukakipanga pale pale, anachora mavumbini kwa kijiti. Magurudumu matatu, si manne. Mawili ya baiskeli kubwa nyuma, moja la baiskeli ndogo mbele, ili ukibonyeza mpini la mbele linyanyuke, uligeuzie unakotaka. Breki ya waya na kipande cha tairi. Ndoo zikae chini kabisa, kwenye ekseli, kile chuma kinachounganisha magurudumu ya nyuma, uzito uwe chini. Ncha moja ya kamba ifungwe kwenye kigari, nyingine kwenye kifundo cha mkono wangu, ili nikianguka mimi kigari kisiende peke yake mpaka kwenye lami. Yeye angefanya chuma. Kiti cha watoto nikasema nitasuka mwenyewe, kwani mtu wa Iringa akishindwa kusuka mianzi arudi kwao akaanze upya. Nilisuka tenga pana, fupi, nikaliwekea ukuta katikati kwa sababu wale walikuwa wanang'atana, na mikanda ya mpira wa tyubu ya kuwafunga kiunoni. Fundi akabaki na kile cha bluu kama malipo. Mke wake alikifanya cha kuuzia maandazi sokoni, na kwenye kazi hiyo kilifaa vizuri sana.

Zilibaki siku tano. Sikuweka watoto. Niliweka viazi, gunia nusu na nusu, nikafunga mikanda, nikapanda mlimani. Nikawa nashuka mbio, nikifika mahali nakohoa mwenyewe, halafu hapo hapo nabonyeza mpini na kuingia majani, nachuchumaa, najifunika. Nainuka. Nakohoa tena. Viazi vilimwagika siku ya kwanza, siku ya pili vikamwagika vichache, siku ya tatu vikakaa kama watu walio kanisani.

Jirani yangu, mwanamke mwenye mdomo, alisimama na jembe lake begani. "Mama pacha, una kifua?"

"Sina."

"Basi viazi ndivyo vinakutorosha kama wachumba, maana kila saa unaingia navyo vichakani!"

Siku ya nne nikaweka watoto, taratibu kwanza, halafu mbio. Wanawake waliokuwa wanakwenda sokoni wakapiga kelele, "Viazi hivyo unauzaje debe?"

"Hivi ni vya mbegu," nikawajibu nikipita. "Haviuzwi!"

Wale wawili wakacheka, mdomo uliopasuka na ambao haujapasuka. Nikapata nguvu.

Jumamosi ikafika. Wifi yangu alikuwa ameshuka kwenye basi tangu Ijumaa, akalala kwa baba yake. Nilijua watakuja asubuhi baada ya lori, nikasema niwahi kupeleka maziwa, nirudi nimwogeshe mtoto wa kwenda. Nilimfunga mkanda huyo, nikauvuta mara mbili kuhakikisha. Nikaanza kushuka.

Kumbe na wao walisema wawahi. Baba na binti yake hawajaonana siku nyingi, wanapanda mteremko wanaongea, na mzee amesahau kukohoa. Nilizunguka kona kwa mbio zangu zote, nikawaona hatua kumi mbele yangu, katikati ya barabara.

Sikufikiri. Mikono ilifikiri. Nikavuta breki, nikabonyeza mpini, gurudumu la mbele likanyanyuka, likaruka mfereji wa kando ya barabara, ya nyuma yakafuata, tup, tup, tukawa kwenye majani yenye umande. Nikageuza kigari watoto watazame kwangu, nikashika mikono yao wote wawili, ndipo nikavuta kanga usoni. Safari hii kwa mpangilio huo: watoto kwanza.

Mzee alikuwa ameshatupa mgongo.

"Nenda ukaangalie," akamwambia binti yake.

Wifi akaruka mfereji, akainamia tenga. "Wapo, baba."

"Wamelia?"

"Hawajalia. Mmoja ananicheka. Mwingine anatafuna mkanda."

"Yule wa mdomo?"

"Ndiye anayecheka."

"Maziwa?"

Nikasikia anafungua mfuniko, wa kwanza na wa pili. "Yamejaa, baba. Hata povu halijakatika."

Mzee akasema kwa sauti, kama anaongea na mlima, "Muulize huyo aliye kwenye majani, lori limeshaondoka?"

Sasa mimi kuongea na baba mkwe siwezi. Lakini kumjibu wifi hakuna sheria inayokataza. Nikasema chini ya kanga, "Wifi, mwambie bado. Ila nikiendelea kuchuchumaa hapa, litaondoka."

Wifi akaangua kicheko. Mpaka leo sijui nilipata wapi ule ujasiri. Nilidhani nimeharibu kila kitu.

"Amesema nini?" mzee akauliza, na nina hakika alikuwa amesikia.

"Anasema tunamchelewesha, baba."

Fimbo yake ikagonga chini mara moja. "Basi na sisi tutoke barabarani. Njoo huku tutazame mashamba. Apite."

Nilinyanyua kanga kidogo, jicho moja. Baba mkwe wangu, mzee wa watu, mwenye wakamwana wanne, alikuwa ametoka barabarani, amesimama kwenye majani ya upande wa pili na viatu vyake vya kanisani, uso kwenye mahindi ya mtu, mgongo kwangu. Amenipisha.

Nikabonyeza mpini, nikaruka mfereji, nikakimbia. Nilikimbia kama sijawahi kukimbia hata nikiwa msichana. Kanga ilinitoka kichwani nikaiacha ipepee. Nyuma nasikia wifi anapiga vigelegele asubuhi ile, mbele naona tanboi ameshaanza kufunga mlango wa nyuma wa lori. Nikapiga kelele, na pacha nao wakapiga kelele kwa kuniiga, sauti tatu, mpaka dreva akatoa kichwa dirishani.

"Mama, hiyo ni mashine gani?"

"Pokea maziwa kwanza!"

Niliporudi juu niliwakuta wifi na mama mkwe uani kwangu. Mama mkwe alikizunguka kigari kama fundi alivyozunguka kile cha bluu. Akakanyaga ekseli kwa mguu. Akatikisa tenga. Akavuta mkanda, ukamrudia, pwa.

"Baba yenu amerudi nyumbani," akasema. "Amesema hana tena neno juu ya jambo hili. Amesema anayeweza kutoka barabarani hivyo na watoto wawili, ataweza kuwalea wawili." Halafu, polepole, "Na mimi nimesema hivyo."

Nikamtazama wifi. Yeye ndiye aliyekuwa anaondoka mikono mitupu, na safari ya kutoka Igawa si ya kuchezea. Alikuwa amewapakata wote wawili, kila mmoja na goti lake.

"Usinitazame hivyo, wifi," akasema. "Wangenimaliza hawa. Nitakuja kuwaazima wakati wa mavuno ya mpunga, wote wawili, na hicho kigari uje nacho, kwetu ni tambarare."

Mchana nilipika ndizi na maharage, tukala, tukacheka tena habari ya majani. Alipotaka kwenda kupanda basi nikawafunga pacha kwenye tenga, mfuko wa viazi niliompa nikauweka chini mahali pa ndoo, tukamsindikiza. Basi lilikuwa bado sana, na wifi alikuwa anatembea taratibu na kiatu chake cha kubana. Mimi nilishuka mteremko mzima mbio, nikamngojea chini, nikapanda tena kumfuata, nikashuka tena.

"Wifi, unakimbilia nini?" akanipigia kelele.

Sikuwa nakimbilia kitu.