Chai ya Shangazi Isiyo na Majani

Mvua za mwaka ule zilikuwa njema, na shangazi, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa bado msichana, alipokabidhiwa duka na baba yake aliyekuwa akipoteza nuru ya macho. Lilikuwa chumba kimoja cha halmashauri, chenye kaunta ya mbao na mizani ya shaba, na kila mpangaji alilijua sharti lake: chumba kisichofanya biashara hutwaliwa na kupewa mwingine.

Ndipo serikali ilipotangaza bei za vyakula. Sukari, unga, mchele na mafuta vilipangiwa bei ya chini, na mtaa mzima ukashangilia. Kwa juma moja watu walinunua kana kwamba wanafunga safari ya kuhama dunia. Baada ya hapo rafu zikabaki tupu. Wenye malori waliotoa sukari kiwandani walidai bei kubwa kuliko ile ambayo shangazi aliruhusiwa kuuza. Angeuza kwa bei ya serikali, kila kilo ingemtia hasara; angeipandisha, angefungiwa. Akabaki na viberiti na nyuzi za kushonea, huku karani wa halmashauri akipita kuchungulia mlangoni.

"Duka gani hili, dada? Unauza upepo?"

"Upepo haujapangiwa bei bado, kaka," shangazi alijibu. Karani alipokwenda zake, aliketi juu ya gunia tupu, akashika tama.

Kulipopambazuka alinunua gunia la sukari kwa bei ya wenye malori, akawasha jiko la mkaa nyuma ya kaunta, akateleka sufuria kubwa. Alikuwa ameamua kuuza chai. Tangazo la serikali lilisema sukari. Juu ya kikombe cha chai halikusema neno. Na chai ile ilikuwa tamu hata ikigusa meno unajikunja. Kikombe kimoja kilitosha kutia utamu birika zima nyumbani.

Habari zilienea upesi kuliko moto wa nyasi. Watu walikuja na chupa za chai, na majagi, na mmoja na ndoo ya kuogeshea mtoto.

"Shangazi, yangu usitie maziwa," alisema jirani mmoja.

"Na yangu usitie majani," alidakia fundi viatu. "Majani ninayo nyumbani."

Hivyo ikawa maji ya moto yenye sukari, nasi tukaendelea kuyaita chai kwa heshima zote. Lo, furaha ya siku zile! Watoto walirudi kunywa uji bila kununa, na duka lilijaa vicheko tangu asubuhi.

Mkaguzi wa bei alitokea foleni ikiwa imefika barabarani. Kila mtu alijua kwamba mkaguzi akisema hii ni sukari, duka limekwisha.

"Mnapanga foleni ya nini?" aliuliza.

"Ya chai, mwanangu," bibi mmoja alijibu. "Kifua kinanibana."

"Na ndoo hiyo, mama?"

"Kifua kikubwa."

Foleni nzima iliangua kicheko, na mkaguzi mwenyewe akauma mdomo asicheke. Akaomba kikombe, akaonja, akafumba jicho moja.

"Binti, chai haina majani?"

Shangazi alifungua kopo, akachota majani kwa ncha za vidole, akayadondosha sufuriani mbele ya macho yake.

"Sasa yamo, bwana mkaguzi."

Mkaguzi alikunjua tangazo lake, akalisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu.

"Chai haimo," alisema mwishoni, akamaliza kikombe chake, akalipa.

Shangwe iliyopigwa ilisikika hadi sokoni. Fundi viatu alicheza mpaka kofia ikamdondoka.

Lakini mkaguzi alikuwa mtumishi mwaminifu, na alichokiona alikiripoti. Tangazo jipya lilipotoka, kikombe cha chai kilikuwemo, kwa bei isiyotosha kununua hata sukari iliyotiwa ndani yake. Jiko likazimwa. Kesho yake karani wa halmashauri alifika na futi ya kupimia, akaanza kukipima chumba kwa ajili ya mpangaji mwingine.

Alikuwa bado amepiga magoti pembeni mwa ukuta shangazi aliporudi kutoka sokoni, akihema, na kikapu kizito kichwani.

"Ndimu zote hizo za nini, dada?"

"Za sharubati, kaka. Nisogezee futi yako, nina wateja."

Juma lile familia yetu ilihamia mji mwingine, na habari zake hatukuzipata tena. Tendo lake la mwisho tulilolishuhudia ni hili: alizikata ndimu, akazikamua katika maji ya sukari, akamuuzia mwanamke wa kwanza jagi moja.