Hunero, Mfumaji wa Wake wa Mfalme

Hunero alifuma kitani katika nyumba ya wake wa mfalme kule Merwer, kando ya ziwa, kwa miaka thelathini na minne, na katika muda wote huo alimwona mfalme mara nne. Mara mbili kati ya hizo bwana mkubwa alikuwa amesinzia kitini. Kwa hiyo watu wa mjini walipomuuliza, kwa husuda, kuishi na wake wa mfalme anayeabudiwa kama mungu kukoje, aliwajibu kuwa ni kama kufuga mabata bukini: kelele nyingi, mayai machache.

Wake hao walikuwa hamsini na ushei. Mkubwa wao, Webkhet, alikuwa na majina ya heshima marefu kama mto na akili ya kujaa kikombe. Aliwahi kususia chakula siku tatu kwa sababu mwenzake alipewa kijakazi wa pili wa kumpepea. Siku ya nne alikula bata mzima, akalalamika kwamba hakuiva vizuri.

"Wanagombania nini hasa?" Iyet, shoga yake Hunero wa kwenye mtambo wa kufumia, alimuuliza siku hiyo.

"Nani atangulie kwenda kuoga," Hunero alisema. "Kumbe maji yenyewe hayajui cheo."

Mumewe Hunero alikufa kwa kuumwa na nyoka shambani, akamwachia mtoto mmoja wa kike, Tamit. Binti huyo alikulia chini ya mtambo wa mama yake, na alipofika miaka kumi na sita hakuna aliyemshinda kusuka matamvua. Ulimi wake nao ulikuwa wembe. Jioni akiiga mwendo wa Webkhet, chumba kizima cha wafumaji kilikuwa hoi kwa kicheko.

Basi mwaka huo ikaja habari kwamba mfalme anakuja ziwani kuwinda ndege, na atapita kuwasalimia wakeze. Nyumba ikapinduka. Nywele za bandia zikatolewa makashani, zikinuka panya, wanja ukasagwa, wanawake waliokuwa hawasemezani mwaka mzima wakaanza kuibiana marashi. Webkhet akatangaza kwamba atamtunukia mfalme kitambaa alichokifuma kwa mikono yake mwenyewe. Kitambaa kilikuwa cha Hunero. Alikitolea jasho miezi minne, chepesi hata ukikishika unaona vidole vyako upande wa pili.

"Mikono yake mwenyewe," Iyet alinong'ona.

"Mikono hiyo haijui hata kujikuna," alisema Hunero.

Tamit ndiye aliyetumwa kukibeba. Mfalme, mzee mwenye shavu lililovimba kwa jino bovu, akakitazama kitambaa, kisha akamtazama aliyekibeba.

"Na huyu ni wa nani?"

"Ni wako, bwana wangu," msimamizi wa nyumba akajibu, bila hata kumtupia msichana jicho. Jua halijatua, jina la Tamit likaandikwa miongoni mwa wake.

Hunero alimkuta bintiye amekaa kwenye kitanda kipya, anapapasa shuka.

"Umekubali, mwanangu?"

"Kwani nani aliniuliza, mama? Lakini chumba kina dirisha."

Mfalme alikaa siku mbili, mbu wakamshinda, akaondoka. Hakumwita Tamit hata mara moja. Hunero alifarijika, akadhani mtoto atabaki vilevile ila na dirisha. Alikosea. Ndani ya miezi mitatu Tamit alikuwa na mwendo uleule aliokuwa akiuiga, na sasa hakuwa anaiga. Aligombana na mwenzake juu ya mkeka. Alidai kijakazi. Siku moja wake walipokuja kukagua kazi, akasimama mbele ya mtambo wa mama yake, akashika pindo kwa ncha za vidole.

"Mfumaji, hapa pana kasoro."

Hunero hakuinua kichwa.

"Kasoro iliyopo hapa, bibi, niliizaa mwenyewe."

Hawakusemezana tena kwa miaka sita.

Kisha mfalme akafa. Wakeze wakajimwagia vumbi, wakalia kwa zamu siku sabini. Mmoja wao, katikati ya kilio, alimnong'oneza Hunero: "Hivi alikuwa mrefu au mfupi? Wenzangu wananiuliza." Mfalme mpya akaleta wake zake, wachanga, na wale wa zamani wakasukumwa vyumba vya nyuma. Msimamizi akawaambia kwamba tangu siku hiyo mkate na pombe vitatolewa kwa anayefanya kazi. Wakaletwa kwa Hunero, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkuu wa wafumaji, wakiwa wamebeba vioo vyao kwapani.

Webkhet alishika pia ya kusokotea uzi kama mtu aliyeshikishwa chura. Saa haijapita, walikuwa wameshagombana nani akae karibu na mlango apate upepo. Tamit alisimama pembeni, akakataa kuketi chini ya mke aliyeandikwa baada yake.

"Hapa tuna vyeo viwili tu," Hunero alimwambia. "Anayejua na asiyejua. Wewe ulikuwa unajua. Kaa."

Tamit akakaa. Vidole vyake vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga, na kufikia adhuhuri vilikuwa vinatoka damu. Hunero alimpa mafuta na kitambaa cha kufungia, akageuka, akaendelea na kazi.

Wafumaji walimpongeza kwamba amerudishiwa mwanawe. Yeye akawaambia amerudishiwa mjane wa watu, mvivu, na itamchukua miaka miwili kumnyoosha. Ilimchukua mitatu. Tamit hakuruhusiwa kuolewa tena, maana mjane wa mfalme haolewi na mtu wa kawaida, na hakuacha kudai kwamba katika orodha ya mgao aandikwe "mke wa mfalme". Hunero alimwita kwa cheo hicho kila Tamit alipokosea kuhesabu nyuzi. Siku nyingine alimwita kwa jina lake, Tamit, wakala vitunguu na mkate kwenye kizingiti kimoja, wakiwateta wake wapya mpaka mbavu ziwaume.